Mimi Pia Nilikuwa Bill

Maneno ya muzee mumoja, mutumikaji wa zamani wa mugodi wa Kipushi, mbele ya watumikaji na wenyeji wa muji wa Lubumbashi



Nimeitwa kusema juu ya watoto wa njiani, na wote munajua kwa nini ni mimi niliyeitwa. Kwetu Katuba watu walimukamata kijana mumoja usiku. Alikuwa na kisu mukononi, na mufukoni telefone ya mama mumoja muuza-mboga. Wakamupiga, wakamufunga mikono kwa waya, kisha wakaleta mupira wa motokari na chupa ya esansi. Muzee mumoja akatoka nyumbani mwake na nguo za kulala, akaenda kuketi juu ya ule mupira, akakataa kuondoka. Wengine wakasema: "Ni mujukuu wake." Wengine wakasema: "Ni mulozi, anamulinda mutoto wake wa usiku." Muzee yule ni mimi. Kijana si mujukuu wangu. Hata jina lake sikulijua mupaka asubuhi.

Mulitaka sababu. Sababu inatoka mbali, inatoka Léopoldville, muji unaoitwa leo Kinshasa. Mimi pia nilikuwa Bill.

Ninaona vijana wanatazamana. Neno hili limekufa. Lakini katika miaka ya 1950 mama wa Léopoldville aliposikia "Bills wanakuja" alivuta binti yake ndani na kufunga mulango.

Nilizaliwa kule mwaka wa 1943. Baba yangu alikuwa mutu wa Maniema. Alishuka na muto akiwa kijana, akapata kazi katika mashua ya moshi. Kutoka Léopoldville mupaka Stanleyville, ndio Kisangani ya leo, ni kilometa zaidi ya 1,700, na mashua ilikwenda polepole. Tulimuona baba siku chache, kisha akapotea tena majuma na majuma. Ndani ya nyumba tulisema Kiswahili, njiani tulisema Lingala. Mama aliuza mikate ya mafuta sokoni. Tulikuwa watoto watano katika chumba kimoja, na mimi nilikuwa wa kwanza.

Muji ulikuwa unavimba. Mwaka wa 1940 watu wake hawakufika 50,000. Mwaka wa 1950 walikuwa karibu 200,000, na wakati wa uhuru karibu 400,000. Watu walikuja kutafuta kazi, na kazi ilikuwapo kwanza, kisha mwisho wa miaka ile ikaanza kupunguka. Nyumba za masomo za misioni hazikutosha watoto wote, na mutoto aliyekosa mutihani hakungojewa na mutu. Mimi nilitoka katika mwaka wa tatu. Wazungu walikaa upande wao. Katikati yao na sisi waliacha uwanja wa golfu na bustani ya wanyama, na usiku mutu mweusi hakuwa na ruhusa ya kupita kule bila karatasi. Bustani ya wanyama ilikuwa karibu na wazungu kuliko sisi. Tulicheka juu ya jambo lile, lakini kicheko chake kilikuwa na uchungu.

Na mutu asiye na kazi wala karatasi ya kukaa mujini aliweza kukamatwa na kurudishwa kijijini kwa nguvu. Sasa, mutoto aliyezaliwa mujini, kijiji chake ni kipi? Mimi Maniema sikuijua. Kama askari wangeniuliza wanirudishe wapi, ningewaonyesha soko.

Basi kulikuwa na sinema. Jioni walitundika kitambaa cheupe, watu wakaketi chini kwa mamia, na mashini ikaanza kulia. Serkali ilikuwa na watu wa kuchagua ni filme gani mutu mweusi anaweza kuona, na mambo mengi yalikatwa. Lakini filme za cowboy zilipita. Nafikiri waliona kwamba mutu anayepanda farasi na kupiga bunduki hana siasa. Tukamuona Buffalo Bill. Alikuwa mutu wa kweli, Mumarekani, jina lake William Cody. Alizaliwa 1846, akafa 1917, akapata jina lake kwa kuua nyati, kisha akafanya michezo ya farasi mbele ya watu. Hayo nilisoma nikiwa muzee. Wakati ule tulijua kofia yake tu, na mwendo wake, na namna alivyotazama adui bila kufunga macho.

Tukapiga makofi alipowaua Wahindi Wekundu. Hakuna aliyetuambia kwamba katika hadisi ile sisi ndio tulikuwa Wahindi. Wageni wamekuja na bunduki, wamechukua inchi, wamewaweka wenyeji mahali pamoja na mupaka kuzunguka, na sisi watoto weusi tunapiga makofi kwa ajili ya mwenye bunduki! Nimefikiri jambo hili miaka mingi chini ya udongo, na sasa sina hakika kama tulikuwa wajinga. Labda mutoto anapenda kuwa upande wa anayeshinda walau kwa saa mbili.

Kutoka kwa Bill yule tukajiita Bills. Tulivaa suruali za jini, shemizi za mistari-mistari, kitambaa shingoni, na kofia kama mutu aliweza kuipata. Kartiye zetu tukazibatiza upya. Kulikuwa Texas, kulikuwa Dallas. Mutu shujaa na mwerevu tulimuita yankee, muoga na mujinga tukamuita yuma, na majina haya mawili yalibaki Kinshasa hata baada ya sisi kuzeeka. Tulikuwa na lugha yetu, Hindubill, iliyochanganya Lingala na Kifaransa na maneno mengine tuliyoyaokota njiani na kuyageuza kichwa chini. Sababu yake ilikuwa moja: polisi asisikie, na baba asisikie. Vijana wa muziki waliichukua baadaye, na leo wakubwa wanaitumia bila kujua ilitoka kwa nani.

Namna gani mutu aliingia? Watu wanafikiri kuna siku ya kuandikwa jina, kama katika chama. Sivyo. Nilikuwa na miaka kumi na miwili, mama alinituma na bakuli ya mikate. Vijana wanne wa upande wa pili wakanizuia, wakala mikate yote mbele yangu, wakanirudishia bakuli. Nilikuwa ninalia njiani. Kijana mumoja wa kartiye yetu, mwenye miaka kumi na minane hivi, akaniuliza ni nani. Nikamwambia. Akaenda na wenzake wawili. Sikuona walichofanya, lakini siku tatu baadaye nilipita pale pale na bakuli imejaa, na vijana wale wanne wakatazama upande mwingine. Ndugu, tangu siku ile nilikuwa mutu wake. Hakuna aliyeniuliza kama ninataka.

Ninataka wababa musikie neno hili vizuri, kwa sababu munapenda kusema: "Mutoto wangu aliharibiwa na marafiki." Baba yangu alikuwa mutoni. Polisi alikuwa wa kuomba karatasi, si wa kutafuta mikate ya mama yangu. Mutu wa kwanza aliyesimama juu yangu alikuwa Bill. Kama mungekuwa na miaka kumi na miwili mungefanya nini?

Mukubwa wetu alitufundisha kunyanyua vyuma, kupiga kichwa, kuanguka bila kuvunja mukono. Wengine walichanjwa dawa ya nguvu katika mikono, na walioichanjwa walikatazwa vyakula fulani, na waliposhindwa katika mapigano walisema ni kwa sababu walikula kile chakula. Diamba, ndiyo bangi, ilivutwa. Usiku tulipanda kuta za bar kutazama wanamuziki bila kulipa. Waliofanya hivyo waliitwa ngembo, maana yake popo. Luambo Franco alikuwa kijana mwenzetu wa Ngiri-Ngiri, mama yake pia aliuza mikate sokoni, na Bills walimupenda kama ndugu. Yeye alikuwa na gitari. Nimejiuliza mara nyingi, kama hakuna mutu aliyemupa gitari lile, angekuwa nani?

Na sasa nitoke katika mambo ya kuchekesha.

Kila kundi lilikuwa na mupaka wake, na aliyepita mupaka alilipa. Alilipa franka, alilipa kofia, alilipa damu. Na wasichana walilipa zaidi. Ninaona wamama wananitazama. Sitaficha. Msichana wa Texas aliyepita Dallas hakuhesabiwa kuwa mutu mwenye jina, alihesabiwa mali ya maadui. Wakubwa waliwashika, na sisi wadogo tuliwekwa kwenye kona kupiga mulio kama polisi anakuja. Mimi nilipiga mulio. Mara mbili nilisimama kwenye kona ile, nikasikia msichana analia, nikaangalia njia kama polisi anakuja. Hakuja. Asubuhi watu walisema: "Na yeye alikuwa anatafuta nini kule usiku?" Wamama pia walisema hivyo. Wanaotuandika leo kwamba Bills walikuwa vijana wa kupenda sinema na maneno mazuri, wawatafute wale wasichana, wako wazee sasa, wawaulize.

Nilikuwa na miaka kumi na minne usiku ule tulipomushika kijana mumoja wa upande wa pili. Alikuwa peke yake, amebeba chupa ya petroli ya taa. Mukubwa wetu akasema kila mutu amupige ili kila mutu awe ndani ya jambo. Ni hivyo kundi linavyofungwa, ndugu. Ukiwa umepiga, huwezi tena kwenda kushitaki. Nilikuwa na kipande cha chuma cha mulango. Nikamupiga mara moja katika gote, si kwa nguvu zote, lakini chuma hakiulizi. Akapiga kelele, na katika kelele zile akaita jina la mama yake, na jina lile nililijua. Mama yake aliuza mikate meza moja na mama yangu.

Sikulala. Asubuhi mama alikwenda sokoni, na meza ya mwenzake ilikuwa wazi. Alirudi mapema. Hakuniuliza kitu. Alinusa mikono yangu, ndugu zangu, sawa vile unanusa samaki sokoni. Petroli ya taa ilikuwa imemwagika juu yetu sote.

Baba hakuwapo. Ningengoja fimbo yake, lakini alikuwa mbali na Bumba au Lisala kule. Mama hakuniita polisi pia. Alichukua ndoo mbili akaniweka mbele, tukavuka mupaka muchana, mimi nikitetemeka kwa sababu watu wa upande ule walinijua. Tulifika kwa mwenzake. Kijana alikuwa amelala juu ya mukeka, gote limefungwa. Mama akasema kwa Lingala, kwa sauti ya kila siku: "Nimemuleta aliyevunja mutoto wako. Mutoto wako alikuwa anateka maji. Huyu atateka mupaka mutoto wako atembee." Kisha akaenda zake sokoni, akaniacha pale.

Yule mama alinitazama muda murefu. Ningependa kuwaambia kwamba alinisamehe. Alisema: "Ndoo haijai yenyewe."

Nilibeba maji kila asubuhi miezi minne. Siku za kwanza vijana wa kule walinipiga kwenye bomba, wakamwaga ndoo, nikarudi kwenye musitari. Kundi langu likaniita yuma, likanikataza, likanipiga pia. Nilipigwa pande zote mbili, na hapo ndipo nilijua kwamba mupaka ule hauna maana, kwa sababu ngumi zilikuwa za namna moja. Kijana yule hakusema nami hata neno. Mwezi wa pili akaanza kuniambia kama ndoo haikujaa vizuri. Alitembea tena, lakini gote halikunyooka. Kama yu hai, anachechemea mupaka leo juu yangu.

Kulikuwa watu wengine waliojaribu kutushika kwa njia nyingine. Padri mumoja mubeljiji, Joseph de Laet, alikaa katikati ya Bills, akasema lugha yao, na vijana wakamuita Père Buffalo. Mimi sikuwa wa kwake, lakini niliwaona walio wake, na ninasema ukweli hata kama ni ukweli juu ya muzungu: aliwaita kwa majina yao waliyojipa, hakuanza kwa kuwacheka.

Sasa Januari 1959. Ninyi watumikaji munajua tarehe ile. Siku ya mungu, tarehe 4, watu wa ABAKO walikusanyika kwenye YMCA kule Kalamu, serkali ikakataza mukutano, watu wakakataa kutawanyika. Karibu na pale watu walikuwa wanatoka katika uwanja wa mupira. Makundi mawili yakakutana, na muji ukawaka. Serkali yenyewe ilihesabu wafu karibu 50, na watu wa muji hawakuiamini hesabu ile. Walisema ni wengi zaidi. Tarehe 13 mufalme Baudouin akatamka neno uhuru katika radio. Mwaka na nusu baadaye, tarehe 30 Juni 1960, tulikuwa nao.

Vitabu vinasema Bills walikuwa mbele siku ile. Ni kweli, tuliokuwa mbele tulikuwa vijana wa njiani. Lakini nisiwadanganye. Nilikuwa na miaka kumi na mitano, sikujua hata mukutano ulikuwa wa nini. Nilijua duka gani lina mulango mubaya. Nilirudi nyumbani na mikebe sita ya samaki na kiatu kimoja cha mutu mukubwa, cha kushoto. Kijana aliyekimbia upande wangu hakurudi na kitu, hakurudi kabisa. Wanasiasa walituita mashujaa, na serkali ikatuita wezi, na jamaa wa kijana yule hawakupata barua kutoka kwa pande yote miwili. Mwaka uliofuata vyama katika inchi yote vilikuwa na "jeunesse" zao, hata hapa Katanga munakumbuka, na ninajua walizichukua wapi. Walizichukua kwenye kona kama yangu. Kijana aliyekwisha kufundishwa kupiga kwa ajili ya Texas ni rahisi kumufundisha kupiga kwa ajili ya bendera. Ninasema hivi katika mukutano wa siasa, na mwenye kiti atanisamehe.

Baada ya ghasia zile serkali ya kikoloni ikawafukuza watu wa Léopoldville kwa maelfu, wasio na kazi na vijana wa namna yangu. Mama hakungoja. Alinipandisha katika mashua ya baba mupaka Stanleyville, kisha Kindu, kisha treni, kwa muchuku wa babu aliyetumika Kipushi. Hivi ndivyo Bill wa Léopoldville alifika Katanga, na kifurushi cha mikate kilichooza njiani.

Kipushi nilikuta kitu ambacho sikukijua. Kampuni ilikuwa imeanza zamani, tangu mwisho wa miaka ya 1920, kuweka mutumikaji na bibi yake na watoto katika kambi, kuwapa posho, dawa, masomo. Walifanya hivyo kwa faida yao, si kwa upendo. Mutumikaji aliyekaa ni bora kuliko anayekimbia. Na kambi ilikuwa na macho yake. Lakini mutoto wa kambi alikuwa na kiti darasani, na jioni baba yake alirudi. Kila jioni, saa ileile, baba akarudi. Mara ya kwanza nilipoona jambo lile nilisimama njiani kutazama wanaume wanavyorudi nyumbani.

Lakini nyumba ilifuata kazi. Baba akifa au akifukuzwa, jamaa walitoka katika kambi. Tuliliona jambo lile kwa mutu mumoja-mumoja, hatukuliogopa. Kisha likatupata sote pamoja. Kazi za Kipushi zilisimama 1993. Mwaka wa 2003 na 2004 watumikaji zaidi ya 10,000 wa kampuni kubwa ya inchi walipewa feza kidogo mukononi waondoke, na neno lililoandikwa lilikuwa "kwa hiari". Hiari gani, mutu ambaye hakulipwa mushahara miezi na miezi? Watoto wa wanaume wale walitoka masomo. Wengine walishika chepeo wakaingia katika mashimo ya kuchimba. Wengine wakasimama kwenye kona. Na sisi tunashangaa, tunasema: "Vijana wa leo hawana adabu." Mimi ninasema baba yao yuko mutoni, hata kama ameketi nyumbani.

Kule Kinshasa jina limebadilika. Baada yetu kulikuja wapiganaji wa écurie na pomba, kisha katika miaka ya 2000 wakaitwa kuluna. Wao wana panga, na panga si chuma cha mulango. Sitawaambia kwamba ni watoto wazuri. Wanakata watu mikono kwa telefone. Mwenye kukatwa ana haki ya kukasirika, na nikisema mbele yake sipandishi sauti.

Lakini tazameni kilichofanywa. Novemba 2013 serkali ilianza kazi iliyoitwa Likofi, maana yake ngumi. Polisi wenye uso uliofunikwa waliwatoa vijana majumbani usiku. Human Rights Watch waliandika mwaka wa 2014 kwamba vijana 51 waliuawa na 33 walipotea, na katika hao kulikuwa wasio kuluna. Wengine waliuawa mbele ya mulango wa mama zao. Watu wa njia wakapiga makofi. Baada ya miaka saba, tangu 2020, vijana wakapelekwa huku kwetu, Kaniama-Kasese, kulima mahindi na kutengeneza viti vya masomo, wengi hapa munakumbuka kelele zilizopigwa, "Katanga si jalala la Kinshasa." Mimi nilinyamaza, kwa sababu Katanga ilikwisha kumupokea mumoja mwaka wa 1959. Kisha Machi 2024 serkali ikaondoa zuio la kuua kwa hukumu, ambapo tangu 2003 hakuna aliyeuawa hivyo. Januari 2025 waziri wa sheria akatangaza kwamba vijana 102 wamepelekwa mupaka kifungo cha Angenga, kaskazini, ili wauawe.

Kama Likofi ingemaliza makundi, kwa nini ilihitajika Angenga miaka kumi na moja baadaye? Nilifanya kazi ya mugodi, ninajua kidogo juu ya maji. Maji yakiingia katika shimo unaweza kuyatoa kwa pompi muchana na usiku. Ukiacha kutafuta yanapotokea, utatoa pompi mupaka pensheni.

Sasa nirudi Katuba, kwa sababu ninaona mwenye kiti anatazama saa.

Nilipoketi juu ya mupira ule sikuwa na mawazo haya yote. Nilisikia harufu ya esansi, na nikakumbuka petroli ya taa katika mikono yangu, na mama anayenusa. Ndiyo sababu yenyewe, na ni ndogo. Asubuhi tuliketi na wazee wa njia. Kijana ana miaka kumi na sita. Baba yake alikuwa katika wale wa 2003, mutoto alizaliwa baadaye, hakumuona baba yake akienda kazini hata siku moja. Telefone ilivunjika katika mapigano. Mama mwenye telefone anaamka saa tisa ya usiku kwenda kununua mboga, na kichwa chake kimeanza kuuma kwa mizigo. Nikasema: kijana abebe mizigo ile kila siku mupaka bei ya telefone iishe, na mimi nitakwenda pamoja naye saa tisa ile, na fimbo yangu, kwa sababu si vizuri kumuomba mama atembee gizani na mutu aliyemuonyesha kisu.

Kuna waliocheka. Kuna aliyesema Bill muzee anatafuta Bill mudogo. Kijana amekubali, yuko hapa, nyuma, karibu na mulango, sitamuonyesha kwa kidole.

Ila mama mwenyewe bado hajakubali. Ameniambia kwamba akimuona, mikono yake inatetemeka, na siwezi kumwambia mikono yake inakosea. Wakati ule mama yangu hakumuuliza mwenzake kama anataka nikanyage ndani ya nyumba yake, aliniweka pale tu na ndoo, na nimeanza kufikiri kwamba katika jambo lile alikosa. Juma lijalo nitarudi kwa mama wa mboga, bila kijana, kumuuliza yeye mwenyewe anataka alipwe namna gani. Nimemaliza, mwenye kiti. Walio na maswali waniulize kwa sauti kubwa, sikio la kushoto lilibaki Kipushi.